Risiti Zipo, Lakini Risiti za Nini?

Kwa wiki mbili sasa picha moja inahama kutoka simu hadi simu hapa Kigoma. Pikapu nyeupe ya milango minne imeegeshwa kando ya barabara mjini Kasulu, nembo ya chama cha wafanyakazi ikionekana vizuri mlangoni, na nyuma kuna marobota mawili ya fulana ambayo turubai limeshindwa kuyafunika. Karibu na boneti amesimama bwana anayetetea kiti chake cha uongozi wa mkoa, mkono mmoja uko begani kwa mjumbe wa mkutano wa uchaguzi. Sitataja chama wala mtu, maana rufaa ya wanaoilalamikia safari hiyo haijasikilizwa na tuhuma bado ni tuhuma. Ninachotaka kukizungumzia ni jinsi tulivyobishana juu ya picha hiyo. Siku ya kwanza watu walipiga kelele za wizi. Siku ya tatu ofisi ya chama ikajibu: kitabu cha safari cha gari kimejazwa, idhini imesainiwa, mafuta yana risiti, posho ya dereva ina risiti. Risiti zipo. Baada ya hapo kelele zikapungua, na wale waliokuwa wamepaza sauti kuliko wenzao wakaanza kuonekana watu walioropoka.

Kwangu mimi mjadala ulipotea njia siku hiyo ya tatu. Kutumia mali ya chama kwenye kampeni si tuhuma ya wizi, na haijibiwi kwa majibu ya wizi. Mwizi huficha risiti au huzighushi. Anayetumia gari la chama kujitafutia kura anaweza kuwa na kila karatasi mahali pake, sahihi juu ya sahihi, na kosa likabaki palepale. Tena karatasi hizohizo ndizo zitakazoonyesha kwamba dizeli ile ililipwa na wanachama wote ili mgombea mmoja afike Kasulu amekaa kiti cha mbele, huku mwenzake akibanana kwenye Hiace kwa nauli yake mwenyewe. Tunapaswa kuuliza kura zilitafutwa kwa pesa ya nani, na hapo hata kiongozi ambaye hajawahi kugusa shilingi ya mtu anaweza kukosa la kusema.

Tuanze na pesa yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumesahau kwamba ni yetu. Katika vyama kadhaa makato ni asilimia 2 ya mshahara. Muuguzi wa zahanati ya Kagunga, kule mpakani na Burundi, akiwa na mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa shilingi 16,000 kila mwezi, yaani shilingi 192,000 kwa mwaka, kabla hajaushika. Hatoi kwa mkono kama mtu anavyotoa mchango wa harusi, akajua nani kapokea na daftari limeandikwaje. Alijaza fomu siku moja, miaka imepita, mwajiri anakata na kwa sheria anatakiwa kuipeleka kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Pesa inayoondoka kimyakimya hivyo haina mwenyewe wa kuiulizia, na isiyoulizwa huanza kuitwa pesa ya ofisi. Sasa tuseme muuguzi huyu anamtaka mgombea mpya. Sehemu ya ile 16,000 yake imewekwa kwenye tangi la gari linalokwenda kumshinda mtu wake. Hakuibiwa kwa maana ya polisi, lakini amechangishwa dhidi yake mwenyewe bila kuulizwa, na sidhani kama kuna risiti inayoweza kulifuta hilo.

Jirani yake asiye mwanachama naye hayuko salama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kuingia mkataba na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, kwa hoja kwamba nao wanafaidika na mkataba wa hali bora ambao chama hujadiliana na mwajiri. Waliotunga kifungu hicho waliona hatari ya pesa ya lazima. Wakaagiza ada hiyo ikae kwenye akaunti yake, isitumike kuchangia chama cha siasa wala mtu anayewania cheo cha kisiasa. Waliangalia nje, kwenye siasa za nchi, wakaweka uzio. Ndani ya nyumba hawakuweka. Namna viongozi wanavyochaguliwa na makusudi ambayo fedha zinaweza kutumiwa wakayaachia katiba ya kila chama, na ukizisoma katiba hizi, mara nyingi utakuta kurasa nyingi juu ya sifa za mgombea na mistari michache juu ya pesa.

Pengo hilo lina historia. Shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa, kijana aliyesoma Tabora. Watu wa reli ya kati, tangu Dar es Salaam hadi mwisho wa reli hapa Kigoma, walikuwa na chama chao chini ya Kasanga Tumbo, mtu wa huko Unyamwezi, na mgomo wao wa mwaka 1960 ulikuwa mrefu kiasi kwamba serikali ya mkoloni na hata viongozi wa TANU walipata taabu nao. Vyama vile vilikuwa na kasoro nyingi, lakini kiongozi alikuwa akitazama chini, kwa waliomchagua. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja kwa wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Baadaye ikawa JUWATA, jumuiya chini ya CCM. Kwa karibu miaka 30 mfanyakazi alikatwa ada ya chama ambacho hakuwa na kura ya kumng'oa mkubwa wake. Gari la jumuiya, gari la chama tawala na gari la serikali yalikuwa ndugu, na dereva hakushangaa kuambiwa ampitie katibu yeyote. OTTU, jumuiya mpya ya vyama vya wafanyakazi, ilikuja mwaka 1991, vyama huru vikafuata, na shirikisho lao, TUCTA, likaundwa mwaka 2001. Katiba ziliandikwa upya. Mazoea ya gari hayakuandikwa upya, kwa sababu hayakuwa yameandikwa mahali popote.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu jambo hili kilitokea Marekani, katika chama cha Teamsters, chama cha madereva na wapakiaji wa mizigo chenye wanachama zaidi ya milioni 1. Kwa miaka mingi uongozi wake ulihusishwa na magenge ya wahalifu, hadi mwaka 1989 makubaliano na serikali mahakamani yakawapa wanachama haki ya kumchagua rais wao moja kwa moja, chini ya wasimamizi kutoka nje. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo, mwaka 1991, ulimpa ushindi Ron Carey, aliyewahi kuwa dereva wa UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, huko New York. Huyu hakuwa mla rushwa wa kawaida. Aliingia kama msafishaji: aliuza ndege za chama, akapunguza mshahara wake. Mwaka 1996 akamshinda kwa tofauti ndogo James P. Hoffa, mtoto wa Jimmy Hoffa aliyekiongoza chama hicho zamani. Agosti 1997 aliongoza mgomo wa wafanyakazi 185,000 wa UPS uliodumu siku 15 na kumalizika kwa ushindi ambao wafanyakazi wa Marekani walikuwa hawajauona kwa muda mrefu. Siku chache tu baadaye msimamizi wa uchaguzi akaufuta ule ushindi wake wa 1996.

Walichokigundua ni hiki. Hazina ya chama ilitoa michango, jumla yake mamia ya maelfu ya dola, kwa vikundi vya nje vinavyofanya kazi za siasa na uhamasishaji. Kwa macho ya mhasibu hiyo ilikuwa michango kama mingine: hundi ipo, kusudi limeandikwa, idhini ipo. Lakini kwa upande wa pili kulikuwa na maelewano kwamba pesa nyingine, za wafadhili waliounganishwa na watu haohao, zingeingia kwenye kampeni ya Carey. Pesa ya chama ilizunguka nyuma ya nyumba ikarudi kwa mlango wa mbele. Watu watatu wa kampeni yake walikiri makosa mahakamani mwaka 1997. Novemba mwaka huohuo Carey akazuiwa kugombea katika uchaguzi wa marudio, mwaka uliofuata akafukuzwa uanachama, na Desemba 1998 Hoffa akachukua kiti. Halafu sikiliza mwisho wake: mwaka 2001 Carey alishtakiwa kwa kusema uongo mbele ya wachunguzi, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia.

Mashabiki wake wanasema hukumu hiyo inaonyesha alionewa tangu mwanzo. Mimi naisoma vingine. Inaonyesha kwamba kuna mizani mbili, na kila moja ina mzigo wake. Mizani ya jinai inauliza kama mtu huyu, kwa kujua, alitenda kosa, na ushahidi uwe usiotia shaka. Mizani ya uchaguzi inauliza kama kura zilitafutwa kwa njia ambayo wanachama wote wanaweza kuikubali. Carey alipita kwenye ya kwanza, na bado ushindi wake wa 1996 haukuweza kurudi, kwa sababu pesa ya hazina ilikuwa imeingia kwenye kampeni hata kama yeye hakuiona ikiingia. Sheria ya huko ya mwaka 1959 inasema wazi kwamba pesa ya ada za wanachama, na pesa ya mwajiri vilevile, isitumike kumpigia debe mgombea wa uongozi wa chama. Ikitumika, na ikaonekana huenda iligusa matokeo, uchaguzi unafutwa na kurudiwa. Haingojei mtu apatikane na hatia. Hapa Kigoma tumeichukua mizani moja tu, ile ya wizi, tumempima nayo bwana wa Kasulu, ikamwonyesha mwepesi, tukafunga duka.

Tena tumelitazama gari kwa sababu gari linapigika picha. Katika mali zote ambazo kiongozi aliye madarakani anaweza kuzielekeza kwenye kampeni yake, gari naliweka nafasi ya nne au ya tano. Mapema mwaka huu nilikwenda msibani Kagunga. Boti ilitoka Kibirizi imejaa magunia, majaba ya mafuta ya mawese na watu, ikapitia Mwamgongo, tukafika tumelowa mpaka kwenye soksi. Kesho yake, nikisubiri mwenyeji wangu apimwe presha pale zahanati, nikaiona kalenda ya chama ukutani juu ya meza ya muuguzi. Karatasi nzito, rangi nzuri, viongozi wa mkoa wamepangwa safu mbili, na mwenyekiti katikati, picha yake mara mbili ya za wenzake. Nikamuuliza muuguzi anawaonaje wagombea wa mwaka huu. "Mzee, huyo mwingine simjui," akaniambia, akichungulia tarehe ya kumwandikia mgonjwa arudi lini. "Huyu namwona kila siku." Kalenda ile haikuandikwa "nichagueni". Ilipita kwenye bajeti ya kila mwaka na risiti ya kiwanda cha uchapaji ipo. Mgombea mpya angehitaji kupanda boti ile mara ngapi ndipo uso wake uzoeleke hivyo?

Juu ya kalenda ipo orodha. Sheria inakitaka kila chama kuwa na orodha ya wanachama wake, na ofisi ya mkoa inayo, na siku hizi ina namba za simu. Anayetetea kiti anaweza kukaa jioni na kumpigia mjumbe wa Kakonko, kisha wa Nguruka, kisha wa Buhigwe, akiwaita kwa majina na kuwauliza habari za uhamisho wao. Mpinzani wake anaanza kwa kuuliza mjumbe wa Kakonko ni nani. Akiomba orodha anaambiwa ni siri za wanachama, na mimi nakubali kwamba ni siri, ila siri hiyo mmoja wa wagombea analala nayo chini ya mto. Kuna kundi la WhatsApp la chama, ambalo msimamizi wake ni mwajiriwa wa chama. Taarifa za ziara za mwenyekiti zinapita humo kama taarifa za kazi, na mwanachama akibandika bango la mgombea mwingine anakumbushwa kwa upole kwamba kundi hili si la kampeni, na asipoelewa upole anaondolewa. Wamarekani waliliona jambo hili pia. Sheria yao inataka chama kimsambazie kila mgombea maandishi yake kwa gharama ya mgombea mwenyewe, bila kubagua, hata kama orodha yenyewe hakabidhiwi.

Na juu ya yote ipo semina. Hapa ndipo kwenye nyama. Viongozi wetu wa mkoa hawachaguliwi na kila mwanachama; wanachaguliwa na wajumbe wa mkutano. Chukua mkutano wenye wajumbe 90. Ukiwapata 46 umeshinda mkoa wenye halmashauri 8. Sasa, wiki tatu kabla ya uchaguzi, ofisi inaandaa semina elekezi kwa wajumbe haohao, ukumbi wa hoteli, chai na sambusa saa nne, mchana wali kwa mgebuka, nauli ya kurudi nyumbani na posho ya kujikimu kwa siku mbili. Mada ni haki na wajibu wa mjumbe. Mwenyekiti anafungua, mwenyekiti anafunga, na katikati anapita meza kwa meza. Mkono mtupu haulambwi, na mjumbe aliyesaini karatasi ya posho asubuhi hawezi kujizuia kukumbuka nani alikuwa mwenyeji. Je, hiyo ni rushwa? Kwa sura yake, hapana: semina ipo kwenye mpango kazi, wakufunzi walikuja, na mahudhurio yamesainiwa. Ndiyo maana nasema anayesaka wizi atarudi mikono mitupu. Tarehe ya semina ndiyo ya kutazamwa. Kama mpango kazi wa mwaka ulisema mwezi wa tano na semina ikasogezwa hadi ukingoni mwa uchaguzi, aliyeisogeza atuambie kwa nini.

Nisiwe kama mtu mwenye upande mmoja. Watetezi wa ofisi wana hoja, na moja ni nzito kweli. Wanasema kazi ya chama haisimami kwa sababu ya uchaguzi. Kibondo kuna watumishi waliohamishwa bila kulipwa stahili zao, Uvinza kuna mwanachama ana kesi ya nidhamu na tarehe imepangwa; je, mwenyekiti asiende kwa sababu anagombea? Na akienda, aende kwa miguu? Hiyo siibezi. Kiongozi anayejifungia ofisini miezi mitatu akiogopa picha anawaumiza wanachama kuliko anayepanda gari. Halafu kumnyima anayetetea kiti faida yote ya kuwa kwenye kiti haiwezekani. Watu wanamjua kwa kazi, na kujulikana kwa kazi ni halali yake. Lakini hoja hii ikichukuliwa kwa uzito wake inatupa kipimo. Ziara ya kazi ina mtu aliyeiomba, ina shauri lenye jina, ina mwajiri aliyeonwa na barua inayobaki nyuma. Ziara ile ya Kasulu ilimwendea nani, shauri gani, na fulana zilikuwa za shughuli ipi? Kitabu cha safari kimeandikwa "kuimarisha chama". Chama kiliimarishwa wapi siku hiyo, sijaona palipoandikwa.

Hoja ya pili, kwamba kuyasema haya hadharani ni kumpa mwajiri fimbo ya kutuchapia, inauma kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwajiri hufurahi chama kinapogombana. Wapo waliosema hivyo kuhusu Teamsters pia, na ni kweli kwamba nguvu iliyopatikana kwenye mgomo wa UPS ilimwagika karibu yote katika miezi iliyofuata. Lakini aliyeimwaga ni nani? Wachunguzi walikuta njia ya pesa tayari imechongwa, na waliokuwa wakiichonga walikuwa ndani ya kampeni ya mtu aliyependwa. Chama kilichoficha jambo mwaka wa kwanza hulipa na riba mwaka wa pili, na hulipa wakati kimesimama uwanjani kikimhitaji kila mwanachama.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa zaidi kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji: kwamba ni vitu vidogo. Tangi moja la dizeli, fulana mia, kalenda, vitamshindisha nani? Anayesema hivyo anahesabu kama mhasibu wakati mambo haya huhesabiwa kama kura. Katika mkutano wa wajumbe 90, safari moja ya gari inayompa mtu nafasi ya kukaa faragha na wajumbe wa Kasulu na Buhigwe inaweza kuwa uchaguzi mzima. Hata kwenye chama kikubwa, tofauti huwa nyembamba kuliko tunavyodhani: mwaka 2023 rais wa UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari huko Marekani, alipatikana kwa tofauti ya kura 483 katika karibu kura 140,000. Pia kama vitu hivi havisaidii, kwa nini vinatumika? Sijawahi kumwona mgombea anayebeba marobota mawili ya fulana kutoka Kigoma hadi Kasulu kwa ajili ya mazoezi ya mikono. Na ile nyongeza yake, kwamba kila aliyepita alifanya hivyo, inatuambia tu kwamba deni ni la zamani.

Walalamikaji nao wana makosa yao, na mengine yananikera zaidi kwa sababu wana haki mkononi na wanaitupa. Kundi moja linahamasisha watu wajaze fomu za kujitoa. Atakayetoka ni yule mwenye hasira, yaani mpiga kura wa mgombea mpya, na mkutano utabaki na wale wa semina. Kundi lingine linataka TAKUKURU waje kesho. Kama kuna bahasha iliyopitishwa kwa mjumbe, sawa, waje, hiyo ndiyo kazi yao chini ya sheria ya mwaka 2007. Lakini kwa gari lenye kitabu cha safari watakuja, wataziona risiti, wataondoka, na kuondoka kwao kutatangazwa kama cheti cha usafi. Na kuna jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Mgombea mpya naye vipeperushi vyake vilichapwa wapi? Nimekishika kimoja, na karatasi yake ni ileile ya barua za ofisi ya mwajiri wake, wino umefifia upande wa kushoto kama wa mashine tunayoijua. Mkuu wa idara akimpa ruhusa ya kuzunguka siku za kazi, hiyo ni pesa ya mwajiri inayochagua kiongozi wa wafanyakazi, na katika hizo mbili sijui ipi ni mbaya zaidi. Labda najua: ya mwajiri. Anayelipia kampeni atakuwa mezani siku ya kujadili mkataba wa hali bora, amekaa upande wa pili.

Njia ipo, na haipiti polisi. Sheria ya 2004 inakitaka chama kitunze hesabu, kikaguliwe kila mwaka na mkaguzi aliyesajiliwa, hesabu hizo zipelekwe kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi, ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata. Mwanachama ana haki ya kuzisoma ofisini. Sijasema kupewa muhtasari kwenye kundi la WhatsApp, nimesema kuzisoma. Humo ndimo fulana na kalenda zitaonekana zilinunuliwa mwezi gani, na ukiweka miaka miwili upande kwa upande utaona kama mwaka wa uchaguzi umevimba. Chama kikivunja katiba yake, mwanachama au Msajili anaweza kwenda Mahakama ya Kazi kuomba amri, ikiwemo ya kutengua uchaguzi, baada ya kupitia ngazi za ndani, au bila kuzimaliza kama mahakama ikiona ni kwa manufaa ya chama. Wengi hukimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanapoteza wiki sita, kumbe kule wanapeleka mashauri yao na mwajiri. Tatizo ni lile nililolitaja juu: mahakama itauliza kifungu gani cha katiba kimevunjwa, na katiba isiyosema lolote juu ya gari haivunjwi kwa gari. Kwa hiyo rufaa hii ya sasa, hata ikishinda, itashinda kwa shida, na anayetaka uchaguzi ujao uwe tofauti aanze kuandika marekebisho ya katiba leo, wakati hasira bado ina moto, kwa sababu baada ya matokeo walioshinda hawataona haja ya marekebisho na walioshindwa watakuwa wamechoka.

Marekebisho yenyewe si lazima yawe marefu. Kuanzia siku fomu zinapotolewa hadi kura zihesabiwe, fulana na kalenda zisichapwe, semina ya wajumbe isifanyike, na kila safari ya gari iandikwe jina la aliyeomba na namba ya shauri. Ujumbe wa kila mgombea upite kwenye kundi la chama kwa siku zilezile na urefu uleule. Na kwa kuwa wajumbe wetu wametawanyika tangu Kakonko hadi ufukweni Kagunga, chama kilipe gari moja na boti moja, wagombea wote wapande humo, wazunguke kwa ratiba moja, wazungumze kwa zamu. Nimelitoa wazo hili kwa katibu mmoja mstaafu pale Mwanga, akacheka hadi kahawa ikamwagika. Akaniuliza kama nimewahi kukaa na wagombea wawili kwenye boti moja kutoka Kibirizi hadi Kagunga, saa zote hizo, jua kali na hakuna pa kushukia. Nikamwambia sijawahi. Akafuta kahawa kwenye suruali, akafikiri kidogo, akasema boti yenyewe atajua pa kuipata, ila pesa ya mafuta ailipe mweka hazina, siyo mwenyekiti.